Kikombe cha Kamango

Kazi ya Vagheni ilikuwa kushona midomo ya magunia. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa depo ya Papa Benoît, huko Kimemi mjini Butembo, sindano ndefu mkononi na uzi wa mkonge umezungushwa begani. Magunia ya kahawa yaliletwa mbele yake moja baada ya jingine, kama watu wanaopanga mstari kuungama. Alikunja ukingo, akachoma, akavuta, akaacha masikio mawili ya kubebea. Gunia aliloshona yeye halikufunguka njiani, hata likianguka kutoka juu ya lori. Kwa miaka ishirini na sita, kahawa yote iliyotoka depo ile kwenda Uganda, na mbele ya Uganda mahali ambapo yeye hakupajua, ilipita kwanza katika vidole vyake.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Akiulizwa neno alifikiri kwanza, na mara nyingi alipomaliza kufikiri, aliyeuliza alikuwa ameshaondoka. Wapakiaji walimzoea.

"Papa Vagheni, hata mudomo yake anaishonaka," walisema, wakacheka. Yeye alitabasamu, akaendelea kuvuta uzi.

Lakini ndani ya kimya chake alikuwa na kikombe kimoja cha kahawa, ambacho hakikupoa kwa miaka kumi na tisa.

Miaka hiyo iliyopita Papa Benoît alimtuma Kamango, kule chini karibu na mpaka, kwa sababu magunia ya kule yalikuwa yakifika yamepasuka. Vagheni alishona siku mbili. Siku ya pili alasiri, lori likiwa limeshapakiwa, mama mmoja aliyeishi nyuma ya ghala alimwita anywe kahawa kabla ya safari. Jina lake lilikuwa Kyakimwa. Wingu jeusi lilikuwa limesimama juu ya msitu, dereva alikuwa anapiga honi. Kyakimwa alimpa kikombe cha bati huku ametazama pembeni. Vagheni akanywa amesimama.

Alichokunywa hakukijua. Kwa rangi ilikuwa kahawa, ila nyepesi, kama maji ya mto baada ya mvua. Kwanza ilikuwa chachu kidogo, kama ganda la maracuja, tunda la pasheni. Halafu ikatulia ulimini. Alipomeza, utamu ukarudi kutoka nyuma, polepole, kama mtu aliyekwisha toka nyumbani kisha akakumbuka kuwa hakuaga. Vagheni aliona mbele yake asubuhi za utotoni, ukungu ukipanda kutoka bondeni na jua likiukata vipande vipande. Alitaka kusema neno. Honi ikalia tena. Akaweka kikombe chini, akapanda lori, na mvua ikaanza.

Baada ya hapo vita vikaifunga njia ya Kamango, ikafunguliwa, ikafungwa tena, na Papa Benoît hakumtuma tena mshonaji wake mahali ambapo malori yalikuwa yanachomwa. Kila Vagheni aliposafiri, Lubero kwa mazishi, Beni kwa harusi ya binti yake Solange, Kasindi kupokea magunia matupu, aliomba kahawa. Aliletewa chai ya tangawizi, au kopo la poda na maji ya moto ndani ya thermos. Wakati mwingine aliletewa kahawa nyeusi, kali, iliyoungua. Aliinywa yote. Kila mara alifumba macho alipomeza, akangoja kama utamu utarudi. Hakuna kilichorudi.

Nyumbani, mke wake Kavugho alimpikia kahawa kila asubuhi. Kahawa ya Kavugho ilikuwa na sifa mtaani. Aliikaanga hata mbegu zikang'aa mafuta, nyeusi kama sufuria yenyewe, akaitwanga na tangawizi. Majirani waliponusa moshi walisema, kwa Mama Solange kuna mgeni. Vagheni aliinywa, akasema "Wasingya," asante ya Kinande, akaweka kikombe chini. Hakuwahi kusema kwamba ni nzuri. Si kwamba aliichukia. Neno hilo lilikuwa limeshachukuliwa na kikombe kingine, naye hakuweza kusema uongo hata katika jambo dogo.

Kavugho alijua. Mwaka mmoja malaria ilimshika mume wake vibaya, na katika homa ile mtu asiyesema akasema usiku na mchana, na alichosema kilikuwa kahawa ya Kamango. Alipopona, mke wake alimcheka.

"Papa Solange, bandume bengine bakiwa na homa banaita wanawake. Wewe unaita kawa!"

Alicheka, ndiyo. Lakini toka siku ile, alipompa mumewe kikombe, alibaki amesimama muda mrefu kidogo kuliko zamani, kama anayengoja kitu. Akisha kusikia "Wasingya", akaenda kwenye kazi zake.

Mwaka huu, kiangazi, Papa Benoît alikuja mlangoni mwa depo, akasimama mbele ya kigoda cha Vagheni.

"Njia ya Kamango iko wazi. Malori inatembea pamoja, na basoda mbele na nyuma. Magunia ya kule inapasuka tena sawa zamani. Utaenda?"

"Nitaenda," alisema Vagheni. Wapakiaji wakageuka wote. Hakuna aliyekuwa amemsikia akijibu kabla ya kufikiri.

Siku ya safari, alfajiri, Kavugho alimfungia mihogo na maharage kwenye kitambaa. Alimpa kahawa yake. Alisimama. Halafu, kabla hajapata "Wasingya" yake, akasema:

"Papa Solange, sikiliza. Ukiipata ile kawa, kunywa. Kunywa muzuri, hata vikombe viwili. Lakini ukirudi, uniambie ukweli: yangu na ile. Miaka mingi nimengoja. Sasa nataka kujua."

"Nitakwambia," alisema Vagheni.

"Hata kama ni ubaya?"

Alifikiri. "Hata kama."

Lori lilishuka kuelekea Beni kati ya mikaratusi na migomba. Ndani ya kabini, kati ya dereva na Vagheni, alikaa Grady, mkaguzi wa mazao, kijana mnene wa Kikwit aliyetumwa na serikali huku mashariki miaka miwili iliyopita. Kazi yake ilikuwa kupima kama kahawa imekauka. Alikuwa na mashine ndogo ya kupimia ndani ya mfuko, na malalamiko mengi.

"Papa Vagheni," alisema, "eleza mimi kintu moja. Kule kwetu Kikwit hatuna kawa sawa hii yenu, lakini mutu anakunywa kawa muzuri. Hapa munalala juu ya kawa, munaamuka juu ya kawa, mbuzi yenu inakula majani ya kawa. Mimi nikiomba kikombe, munaniletea poda ya boîte, ya kopo! Ya kutoka wapi? Ya kutoka Ulaya! Donc, inatoka hapa, inapanda ndege, inakuwa poda, inarudi, munaniuzia!"

Dereva alicheka. Vagheni alitazama nje ya dirisha. Alifikiri jibu lake kwa kilomita nne hivi.

"Ya boîte njo ya heshima, chef," alisema mwishowe, akimwita mkubwa kama watu wa serikali wanavyoitwa. "Ya nyumbani wanaogopa utaicheka."

"Ah bon? Basi leo utanionyesha mahali hawaogopi."

Vagheni aliona haya. Lakini moyoni alijua mahali.

Beni walisimama kula. Mama wa mgahawa, aliposikia kwamba chef anaomba kahawa, alitoka mbio, akarudi na kopo jipya lisilofunguliwa bado, akalifungua mbele yao kwa fahari. Grady alimtazama Vagheni, akainua mabega. Mezani kwa jirani kulikuwa na kahawa ya nyumbani. Grady akaiomba, akaonja.

"Makala," alisema, yaani makaa. "Nakunywa makala, papa. Makala na tangawizi."

Vagheni pia alionja. Alifumba macho, akameza, akangoja. Hakuna.

Kutoka Beni malori yalipangwa, wanajeshi wakapanda yao, na msafara ukaingia katika msitu. Mbele, juu ya miti, mawingu yalifunguka mara moja na Ruwenzori ukaonekana, mweupe kileleni, kisha ukafunikwa tena. Vagheni alifikiri kwamba labda kikombe chake ni kama mlima ule. Mtu anauona mara moja, anashuhudia, halafu anabaki na ushahidi usio na mtu wa kuuthibitisha. Labda hata hakuuona. Labda alikuwa kijana, amechoka, mvua inakuja, na njaa ikatia sukari katika maji ya kawaida. Walivuka daraja la Semliki. Moyo wake ulidunda kama wa bwana harusi, akaona haya mbele ya nafsi yake, mtu wa miaka hamsini na mbili.

Kamango ilikuwa imebadilika. Kahawa nyingi ya zamani ilikufa kwa ugonjwa, mahali pake watu wakapanda kakao. Ghala lilikuwa na bati jipya. Lakini nyuma ya ghala nyumba ilikuwa ile ile, na mama aliyetoka mlangoni akiwa amejifunga kitenge cha njano, mnene sasa, na mvi pembeni mwa kitambaa cha kichwa, alisimama akamwelekezea kidole.

"Papa wa sindano!"

"Njo mimi, mama," alisema Vagheni.

"Bado uko muzima! Mungu ni mukubwa. Ukimaliza magunia utakuja hapa. Wewe na chef yako. Nitawapikia kawa. Hapana kukataa!"

Vagheni hakukataa. Alishona magunia arobaini na mawili siku ile na asubuhi ya kesho yake. Vidole vilikwenda vyenyewe. Kila alipovuta uzi, alimsogelea Kyakimwa gunia moja zaidi. Grady alichomeka mashine yake ndani ya kahawa, akaandika tarakimu, akalalamikia joto.

Mchana wa siku ya pili waliketi barazani kwa Kyakimwa. Mume wake alikuwa shambani kwenye kakao. Mama yule alifanya kazi taratibu kama anayefanya ibada. Alikaanga kahawa juu ya mbabula, jiko la makaa, akiigeuza na kijiti, na hakuitoa. Mbegu zilipasuka, zikanyamaza, zikapasuka tena, moshi ukapanda buluu, na bado akageuza, hata zikang'aa. Alitwanga, akachekecha, akatwanga tena. Alileta vikombe vya udongo mweupe kutoka kabatini, juu ya sinia lenye kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na mkate. Alimpa Vagheni kwa mikono miwili, akimtazama machoni.

Vagheni alikunywa.

Ilikuwa kahawa ya Kavugho. Nyeusi ile ile, uchungu ule ule, tangawizi ile ile. Kama angefumba macho angeweza kudhani yuko Kimemi, mke wake amesimama pembeni anangoja. Alimeza, akangoja mpaka ulimi ukakauka. Hakuna kilichorudi.

Basi, alijiambia, ilikuwa ndoto. Mwanamke ni yule yule, nyumba ni ile ile, moto ni ule ule, na kahawa ni kama ya watu wote. Alipaswa kufurahi. Sasa angeweza kurudi na kumwambia Kavugho: ni sawasawa, hakuna kukupita. Lakini hakufurahi. Alijisikia kama mtu aliyeshona gunia vizuri sana, halafu akaambiwa kwamba lilikuwa tupu.

Grady alionja, akatazama ndani ya kikombe. Kwa heshima ya mama hakusema makala.

Labda ni kimya cha Grady, ambaye hakuwa na kawaida ya kunyamaza, kilichomsukuma Vagheni. Aliweka kikombe juu ya goti.

"Mama Kyakimwa," alisema. "Ile ya kwanza, miaka kumi na tisa imepita. Haikukuwaka hivi."

Mama yule, aliyekuwa ameinama kukata mkate, aliacha kisu. Alinyanyuka polepole.

"Eh," alisema. "Basi unakumbuka."

"Nakumbuka."

"Miaka yote hii! Na mimi nilikuwa nasema, yule papa amesahau, batu ba Butembo bako na mambo mingi. Kumbe uliibeba mu roho." Aliketi chini kwenye mkeka. "Unisamehe, papa. Nakuomba. Leo nilikaanga muzuri, uliona mwenyewe. Nilitaka kuosha ile haya."

"Haya gani?"

"Haya gani! Nilikupa kawa mubichi! Chauffeur alikuwa anapiga honi, mvua ilikuwa inakuja. Mbegu zilianza tu kupasuka, pa, pa, pa, nikasema hakuna wakati, nikazitosha, nikazitoa ku moto. Rangi yake ilikuwa sawa kigae cha nyungu! Nikatwanga hivyo hivyo, hata tangawizi sikutia. Kumupa mugeni kawa ya vile ni sawa kumwambia: kunywa mbio, utoke kwangu. Hata kukuangalia mu macho nilishindwa. Na wewe ukakunywa, ukaweka kikombe chini, hukusema hata neno moja. Nikasema, ona, amekasirika. Nikalia, papa. Bwana yangu aliniuliza nani amekufa."

Vagheni alifungua mdomo. Maneno yalijaa mlangoni yote kwa pamoja, yakakwama, kisha moja likapenya.

"Sikukasirika," alisema. "Nilikosa neno. Ilikuwa muzuri. Sijakunywa tena muzuri sawa ile."

Kyakimwa alimtazama kama mtu anayesikiliza lugha ngeni. Grady ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka mkate ukaanguka.

"Miaka kumi na tisa! Huyu anatafuta, huyu anaficha! Mama, mama wangu, tafadhali. Tupikie ile mubaya!"

"Hapana, chef."

"Kidogo tu."

"Hapana! Mugeni yule yule, mara mbili? Na leo na chef wa serikali pembeni? Batanicheka mpaka Oicha. Huyu papa ni mutu wa roho muzuri, anasema hivyo kunifariji." Lakini alisema hivyo akimwangalia Vagheni kwa chini, na uso wake, taratibu, ukawa unafunguka, kama mlango ambao haukufungwa na ufunguo ila na kutu. "Muzuri?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Kweli?"

"Kweli, mama."

Walibembeleza, hawakumweza. Lakini alipokwenda kuwaaga alirudi na kifurushi cha jani la mgomba, kimefungwa kwa kamba.

"Na haikuwa hata ya hapa," alisema. "Huku chini tulikuwa na ile kawa ya mbegu ndogo. Ile niliyokupa ilikuwa ya kwetu, Masereka, kule juu. Mama yangu alinitumiaka. Sasa ni kaka yangu. Hii njo iliyobaki, iko bado na ganda yake."

"Masereka?" alisema Vagheni. "Bibi yangu, Mama Solange, ni wa Masereka."

"Basi hii kintu umwambie yeye akupikie. Bibi si mugeni. Mutu wa nyumba, unaweza kumupa mubichi, anakusamehe."

Vagheni alirudi na kifurushi mapajani, msitu wote, Beni yote, mlima wote wa kupanda Butembo. Hakulala. Alikuwa amepata alichokitafuta na hakukinywa. Ukweli aliomwahidi mke wake, sasa aliujua, nao ulikuwa mbaya kuliko alivyofikiri. Angemwambiaje? Kwamba miaka yote ile ulipokuwa unasimama juu ya moshi kunitafutia heshima, ulikuwa unaunguza? Kwamba kilichonishinda kusahau ni kahawa ya mtu aliyekuwa na haraka ya kuniondoa? Grady alilala begani mwake akikoroma, na kahawa ya ndani ya jani ilitoa harufu kidogo, ya nyasi, ya shamba baada ya mvua.

Alifika nyumbani Jumamosi, saa tisa mchana. Kavugho alikuwa uani anaanika nguo. Hakumuuliza habari za njia. Alifuta mikono.

"Uliipata?"

"Niliipata, sikuikunywa."

Aliketi kwenye ngazi, akamweleza yote. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. Alisimama katikati mara nyingi kutafuta neno, na Kavugho hakumsukuma. Alimweleza honi, mvua, mbegu zilizotolewa mapema, haya ya yule mama, kahawa nyeusi ya juzi iliyokuwa sawa kabisa na ya nyumbani. Alipomaliza hakuweza kumtazama. Alimpa tu kifurushi.

Kavugho alikifungua. Alinusa. Alikaa hivyo, pua ndani ya jani la mgomba, muda mrefu. Kisha akainuka, akatwanga kahawa kidogo kuondoa maganda, akapepeta, akawasha mbabula.

Vagheni alisogea karibu. Jirani yao Katungu, aliyekuwa anapita uani, alisimama kuona mwanamume amechutama mbele ya kikaango.

"Papa Solange, leo umekuwa muke?"

"Nasikiliza," alisema Vagheni.

Mbegu zilikuwa kijani, zikawa njano kama nyasi za kiangazi, zikaanza kunukia mkate. Kavugho aligeuza. Halafu, pa. Kimya. Pa, pa. Vagheni aliinua mkono kusema, sasa, toa. Lakini mkono wa Kavugho ulikuwa umeshatangulia. Aliondoa kikaango motoni kabla ya mumewe hajapumua, akamwaga mbegu kwenye ungo, akazirusharusha kwenye upepo ili zipoe. Zilikuwa za rangi ya kigae. Mkono wake haukusita hata kidogo. Ulikuwa mkono wa mtu anayejua.

Vagheni alimtazama mkono, akamtazama uso.

"Ulijua," alisema.

"Kwetu Masereka njo hivi tunakaangaka," alisema Kavugho, akirusha ungo. "Mama yangu alikuwa anasikiliza tu. Ikilia mara ya kwanza, anatosha. Nilipokuja kwenu, juma ya kwanza, nikapikia mama yako hivyo. Akaonja, akamwaga inje, mbele ya bashangazi bote. Akasema: tumeoa muke muvivu, hata kawa haiivishe. Nikasikia haya, Papa Solange, kufa. Kesho yake nikaiacha mpaka ikawa makala. Akakunywa, akasema, sasa umekuwa muke. Basi, sikuacha tena."

"Hukuniambia."

"Na wewe uliniambia nini, miaka kumi na tisa?"

Kavugho alizimimina mbegu katika kinu, akatwanga kidogo, akasimama tena.

"Mara moja moja," alisema, "ukienda kazi, nilikuwa natosha mbegu mbili tatu mbele hazijakuwa nyeusi. Natafuna peke yangu hapa nyuma ya nyumba. Kusudi nisisahau."

Sasa Vagheni alielewa harufu iliyokuwa ikimsumbua. Kuna jioni alizorudi, mke wake akamsalimia karibu, na kwa sekunde moja kitu cha Kamango kilipita hewani kisha kikatoweka. Alidhani kila mara ni ndoto zake. Wote wawili, chini ya bati moja, walikuwa wanaificha kahawa moja.

Maji yalichemka. Alimimina katika vikombe viwili vya bati, akampa kimoja, na safari hii hakusimama pembeni. Aliketi kwenye ngazi, bega kwa bega naye. Walikunywa. Ganda la maracuja lilikuja kwanza. Vagheni alimeza, akafumba macho, akangoja. Upande wa pili wa uzio Katungu aliimba wimbo wa kanisa. Jua lilikuwa juu ya nguo mbichi. Na kutoka nyuma, polepole, bila haraka, utamu ukarudi kumuaga.

Alipofumbua macho, Kavugho alikuwa analia na kutabasamu, na masharubu ya kahawa juu ya mdomo.

"Sasa uniambie," alisema. "Uliahidi. Yangu na ile."

Vagheni hakufikiri.

"Ni muzuri," alisema. "Mama Solange, ni muzuri. Ile ilikuwa yako. Ilinikuta tu kwanza Kamango, mbele ya kunikuta hapa."

Mwezi uliofuata Grady alipita Kimemi, akaja kuwasalimu. Kavugho alitandika kitambaa, akatoa vikombe vya kabatini, akakaanga kahawa hata majirani wakajua kuna mgeni. Vagheni alimfuata jikoni, akamnong'oneza:

"Umupe ile yetu."

"Mugeni? Wa serikali? Na huko kwao Kikwit atasema nini juu yangu? Hapana, papa. Ile ni ya nyumba."

Grady alipewa kahawa nyeusi, inayong'aa, kwa mikono miwili. Alionja, akameza kwa uvumilivu, akashukuru sana. Kisha akanusa. Akageuza shingo kuelekea kikombe cha bati cha Vagheni, kilichokuwa juu ya goti, nusu, rangi ya maji ya mto.

"Papa Vagheni," alisema, "hiyo yako ni nini?"

Vagheni alimtazama mke wake. Kavugho alikuwa ameshafunika uso kwa ncha ya kitenge, mabega yanatikisika kwa kicheko. Vagheni alifikiri, kama kawaida yake. Halafu, kwa kuwa mke wake hakusema hapana, alinyoosha mkono akampa Grady kikombe.